Kivuli cha Mabua

Mlali, 11 Juni 2023

Baba Rose, mkwe wangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Luka wa basi atakukabidhi ndoo ndogo yenye mfuniko uliotobolewa. Pokea wewe mwenyewe, usimwachie Angelina. Mwanangu nampenda, lakini mkono wake haujawahi kuotesha kitu. Hata mchicha kwake hufa, na mchicha ni mmea usiojua kufa.

Ameniambia kwamba ulipoona picha za bustani yangu kwenye simu yake ulizitazama mpaka chai ikapoa. Nilifurahi kuliko anavyodhani. Hapa kijijini watu wanaheshimu mmea unaoliwa, na mimi nalima majani ya kutazamwa tu, kwa hiyo wananivumilia kama mwalimu mstaafu asiye na kazi. Kwa kuwa mimi na wewe bado haturuhusiwi kuketi na kuongea, na hata simuni naona haya sauti ya mkwe kuingia sikioni mwangu, nimeona nikuandikie. Karatasi haina macho.

Kilichomo ndooni ni hosta. Jina si letu. Nililipata pamoja na mmea wenyewe kwa Gaudence, tuliyefundisha naye zamani, ambaye sasa yuko Njombe kwenye baridi. Ukilitazama hosta lenyewe leo utadhani nimekutumia tangawizi iliyoota ndevu, kwa sababu limelala. Asili yake ni nchi za baridi kali, na lisipolala kwenye baridi mwaka unaofuata halitoi majani ya maana. Baridi yetu ya Mlali ni ya kuvaa sweta tu. Basi kila mwezi wa sita nayachimba, nayafunga kwenye gazeti lenye unyevu na kuyapeleka dukani kwa Bartolomayo, naye ananiwekea kwenye friji ya soda, rafu ya chini. Wateja wakiuliza anasema ni dawa ya Mwalimu. Wewe liweke kwenye friji yako mpaka mwezi wa nane, kisha lipande kwenye chungu, mahali ambapo jua la mchana halifiki. Mimi nimejenga kichanja na kukiezeka kwa mabua ya mtama. Mwanga unapita kidogo kidogo, na majani yanakaa chini yake yametulia.

Kaka yangu William ananiuliza kila tukikutana kanisani: siku ya kunawa ni lini? Unajua inavyokwenda katika ukoo wetu. Unaleta mbuzi, mimi nakunawisha mikono mbele ya wazee, tunakula sahani moja, na tangu hapo sikukimbii tena ukipita uani. Nafikiria mwezi wa kumi. Harakisha, Baba Rose. Magoti yangu hayana tena mbio za kumkimbia mkwe.

Mama mkwe wako,
Sidonia


Ihumwa, Dodoma, 2 Julai 2023

Mama yangu mheshimiwa,

Shikamoo. Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana Kigogo.

Ndoo imefika salama, na ilikaribia kutofika mwisho wake mwema. Nilipotoka kwenda kazini Mtumba niliiacha hosta kwenye friji, na dada yangu aliyekuja kututembelea akaitoa, akaiosha, akaiweka ubaoni tayari kuisaga kwa ajili ya chai. Angelina alimwahi akiwa ameshika kisu. Kipande kidogo kilikatika pembeni. Nimekipaka majivu kama nilivyoona watu wakifanya kwenye mizizi ya migomba, sijui kama nimekosea.

Mama, nimesoma barua yako mara nyingi. Sikujua kwamba kuna mtu anayeweza kuulaza mmea kwa friji ya soda na kuuamsha kwa wakati wake. Ofisini tunaandikiana barua kutwa nzima na hakuna hata moja inayomfanya mtu atamani kuona udongo. Nimeanza kujenga kichanja nyuma ya nyumba, na mabua nimeyapata kwa mama mmoja anayeuza nafaka jirani na duka la Angelina pale Majengo. Alicheka sana niliposema nataka mabua bila mtama.

Kuhusu siku ya kunawa, naomba radhi, mwezi wa kumi kazi zinatubana mno. Naomba tuisogeze hadi mwakani. Rose na mama yake watakuja likizo kama kawaida.

Mtoto wako mtiifu,
Meshack


Ihumwa, 5 Novemba 2023

Mama yangu mheshimiwa,

Shikamoo.

Imeamka. Nilikuwa nimeshakata tamaa, kisha asubuhi moja nikaona ncha nyeupe imetoboa udongo, imejikunja kama kadi ya mwaliko iliyoviringishwa. Sikwenda kazini mapema siku hiyo. Sasa ina majani mapana yaliyopangana kwa adabu, katikati kijani kilichoiva, ukingoni weupe wa maziwa, na kati ya rangi hizo mbili kuna mistari ya kijani chepesi ambayo si ya huku wala ya kule. Hakuna majani mawili yanayofanana. Nimekaa mbele yake na kiti jioni nzima, na Angelina amesema kama ningemtazama yeye hivyo asingehangaika kusuka nywele.

Nina habari ya kukushangaza. Tangu wiki iliyopita imeanza kuota pambo jipya. Kwenye ule weupe wa ukingo pameongezeka ukingo mwingine mwembamba wa rangi ya kahawa, umezunguka jani lote kama uzi wa mshonaji. Nimewaonyesha majirani na wote wamesifu. Je, na zako hufanya hivyo? Au huku Ihumwa tumepata aina mpya?

Mtoto wako,
Meshack


Mlali, 20 Novemba 2023

Baba Rose,

Marahaba. Barua yako imenipa furaha, na imenipa kicheko ambacho nimejitahidi kukizuia kwa heshima ya ukwe nikashindwa.

Mwanangu, hilo si pambo, ni chumvi. Unamwagilia maji ya kisima, sivyo? Maji ya Dodoma tunayajua wote, ukichemsha chai sufuria inavaa shati jeupe. Mmea unayanywa, chumvi inakwenda kukaa kwenye ncha za majani, na ncha zinaungua. Huo uzi wa mshonaji ni jani linalokufa taratibu huku majirani wakilisifu. Usiwaambie, waache na furaha yao. Anza kukinga maji ya mvua zikija, na kwa sasa nunua maji ya kunywa ulimwagie, hata kama Angelina atanuna.

Usione aibu. Mwaka wangu wa kwanza niliona weupe wa majani nikadhani ni upungufu wa damu, nikayashindilia samadi ya ng'ombe mpaka yakaoza. Gaudence aliniandikia kwamba nimeua mmea kwa kuulisha. Na wewe umeona jambo ambalo sikukufundisha, ile mistari ya kijani chepesi katikati. Watu wengi hutazama jani kama wanavyotazama ukuta. Marehemu mzee wangu alikuwa akiyatambua moja moja kwa madoa, kama alivyowatambua ng'ombe wake zizini, na tangu afariki sijapata mtu wa kuniambia lipi limebadilika.

Ila angalia shina linalotoa majani ya kijani kitupu. Hayo yana nguvu kuliko wenzake na yakiachwa yanatawala chungu chote. Yang'oe mapema. Weupe ndio dhaifu, ndio unaohitaji mtu wa kuutunza.

William amekubali mwakani. Nimemwambia baada ya Pasaka. Rose atakuja na mama yake Krismasi, najua. Na wewe? Ni Krismasi ya pili sasa.

Mama mkwe wako,
Sidonia


Ihumwa, 18 Februari 2024

Mama yangu mheshimiwa,

Shikamoo.

Mvua imeiokoa. Nimeweka mapipa chini ya bati na sasa haigusi tena tone la kisima. Majani mapya yametoka bila ule uzi, na nimeng'oa chipukizi la kijani kitupu kama ulivyosema. Lilikuwa zuri na la afya, na mkono ulikuwa mzito.

Bado kuna tatizo la jua. Kuna saa mwanga unapenya pale mabua yalipoachana. Kijani hakijali, lakini sehemu nyeupe haina kinga yoyote. Ikipigwa na jua la saa sita hata kwa muda mfupi inauma mpaka usiku, huwezi hata kuiegemeza mahali. Nimeongeza mabua na kuweka neti nyeusi juu yake. Neti hiyo ni nzuri sana, Mama. Nimekununulia kipande kikubwa cha kutosha bustani yako yote, na Luka atakuletea na barua hii. Natamani ningekuwepo kuona kivuli chake kikianguka juu ya hosta zako zote kwa pamoja. Bustani uliyoijenga pale, penye vumbi na mbuzi na jua letu, sijaona mtu mwingine anayeiweza.

Kuhusu siku ya kunawa, nasikitika kusema baada ya Pasaka sitaweza. Naomba wazee wanivumilie. Pengine tungeiacha tu iende polepole, kwani heshima yangu kwako haipungui kwa kukaa mbali.

Mtoto wako,
Meshack


Mlali, 3 Machi 2024

Meshack,

Neti yako nairudisha na Luka huyuhuyu. Sikuomba neti. Niliomba mkwe.

Mara ya kwanza ulisema kazi, nikaamini. Mara ya pili sikuuliza. Sasa unaniambia tuache iende polepole, kana kwamba ni mimi niliyekuwa na haraka ya kitu kisicho cha maana. Katika ukoo wetu mwanamume anayekataa kunawishwa na mama mkwe anamwambia kitu, na watu wanakisikia hata kama yeye hakukitamka. William ameshauliza kama nyumba yangu ya tofali za kuchoma inakutia kinyaa siku hizi unapotoka ofisini kwenye vioo. Nilikutetea. Nilisema mtu anayeliona jani kama alionavyo Baba Rose hawezi kuwa na dharau. Usiku ule nilijiuliza kama nilisema kweli.

Kama mna ugomvi na Angelina, semeni. Kama ni mimi, sema pia. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, hakuna neno ambalo halijawahi kunifikia. Lakini usinifunike kwa neti.

Sidonia


Majengo, Dodoma, 12 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Naandika nikiwa dukani, wateja wa alizeti wananisubiri, kwa hiyo nitasema machache.

Hatuna ugomvi. Wala hakudharau. Amesoma barua yako akiwa amesimama pale kichanjani, kisha akaingia ndani na hakula. Ile neti uliyoirudisha ameikunja akaiweka chini ya kitanda, na bustani hajaigusa, naimwagilia mimi. Unajua maana yake kwa mmea.

Nimekatazwa kusema na nimeapa, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kiapo si ndala, hakivuliwi mlangoni. Nakuomba kitu kimoja tu. Zisome barua zake tena. Wewe ulikuwa ukisahihisha insha za watoto na kujua nani ana njaa nyumbani.

Mwanao,
Angelina


Mlali, 24 Machi 2024

Baba Rose,

Nimekaa na barua zako zote chini ya kichanja. Nimezisoma kama nilivyoambiwa, na sasa najua nilisoma ile ya mwezi wa pili kwa hasira, si kwa macho.

Umeandika kwamba sehemu nyeupe ikipigwa na jua inauma mpaka usiku na huwezi kuiegemeza mahali. Mwanangu, jani haliumwi. Jani linakauka, linakunjika, linageuka rangi ya karatasi, lakini haliwezi kumwambia mtu kwamba usiku lilikosa pa kuegemea. Nimelima mimea hii miaka mingi na haijawahi kuniambia hivyo.

Sitaandika ninachofikiri, kwa sababu naweza kuwa nimekosea tena kama nilivyokosea kuhusu neti. Nakuuliza kama mama. Ni nani aliyeungua?

Nilikimbilia kukulaumu bila kukuuliza, na hilo linaniuma. Naomba unisamehe.

Mama yako,
Sidonia


Ihumwa, 7 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo.

Ni mimi. Nina mbalanga.

Ilianza na doa karibu na kidole gumba, nikadhani ni rangi ya wino. Sasa mikono yote miwili ni myeupe hadi juu ya vifundo, na mwaka jana ikaja kuzunguka mdomo na jicho la kushoto. Daktari ameniambia haiambukizi, haiui, na haina aibu yoyote. Hayo mawili ya kwanza nayaamini. Ofisini Ijumaa huwa tunaagiza pilau sinia moja, watu wa chumba chetu wote. Ijumaa moja nilikuta wameniwekea sahani yangu pembeni, na kijiko. Hakuna aliyesema neno baya. Walisema ni kwa usafi tu, na wote wakatazama sinia. Tangu siku hiyo Ijumaa nasema nimefunga.

Ndiyo maana sikuja. Naweza kukaa mbali nawe maisha yangu yote na watu wataita heshima. Lakini siku ya kunawa mtu hawezi kuvaa glavu. Ungeimwagia maji mikono hii mbele ya ukoo mzima, kisha ungetakiwa kuingiza mkono wako kwenye sahani iliyo na mkono wangu. Nimeifikiria hiyo saa mara nyingi. Sikuogopa kwamba utakataa, najua usingekataa. Niliogopa kwamba utasita. Kidogo tu, kabla hujajikaza. Na Angelina angeona.

Uliandika kwamba nilizitazama picha zako mpaka chai ikapoa. Nilikuwa sijaona mahali ambapo watu wanainama kulisifu doa jeupe. Nikitoka kazini nakaa pale chini ya mabua, sina kofia wala mikono mirefu, na nafsi yangu inatulia. Hiyo umenipa wewe, Mama, bila kujua. Sikutaka kuiharibu kwa kukuonyesha.

Waambie wazee chochote utakachoona kinafaa.

Meshack


Mlali, 21 Aprili 2024

Mwanangu Meshack,

Sitakudanganya kwamba sikushtuka. Nilikaa kitako na nikalia, si kwa ajili ya ngozi, kwa ajili ya hizo Ijumaa zako.

Kwanza nikuambie jambo ambalo usilisikie kwa mwingine. Watu wema watakuja kukufariji kwa kukufananisha na jani la hosta, kwamba Mungu amekuchora na wewe. Mimi sitasema hivyo. Hosta nilizichagua kwa madoa yake, zisingekuwa nayo nisingezilima. Wewe sikukuchagua kwa rangi. Angelina alipojifungua Rose kwa upasuaji, wauguzi waliniambia kwamba mumewe alilala sakafuni wodini, akamfulia kanga zake kwa mkono, na alipoambiwa hiyo ni kazi ya wanawake akauliza sabuni iko wapi. Nilikuwa upande wa pili wa pazia. Nilisikia sauti yako na kwa desturi zetu sikuweza kufunua na kukushukuru. Nimekaa na shukrani hiyo mpaka leo.

Nimeongea na wazee, nimewaeleza kama ulivyonieleza, na kwamba daktari amesema haiambukizi. Wengi walisema haya. William akasema basi mkwe aletewe kijiko, na mimi nimwagie maji kwa mbali. Nikamjibu kwamba kijiko hakina ukwe. Amenuna, na atakuja akiwa amenuna. Siwezi kukuahidi macho ya watu wote, Meshack, hapa ni kijijini na mbalanga imesemwa mengi. Naweza kukuahidi mikono yangu.

Nimepanga Jumamosi tarehe 15 mwezi wa sita. Sitakulazimisha. Ukija, vaa shati la mikono mifupi kama wanaume wote wanaokuja kula. Usipokuja, nitawaambia wazee kwamba mkwe wangu ameshanawa na mimi sidai kitu, na hakuna atakayethubutu kuuliza.

Hosta nitazichimba wiki ya pili yake kuzipeleka kwa Bartolomayo, kwa hiyo ukiwahi utazikuta bado na majani. Yamejaa kichanja chote mwaka huu. Sijawahi kuyaona hivi.

Mama yako,
Sidonia


Ihumwa, 23 Juni 2024

Mama,

Shikamoo.

Tumefika salama, na Rose alilala njia nzima akiwa ameshika jani moja ulilompa. Nimejaribu kukuandikia tangu Jumapili iliyopita na kila mara naishia kwenye salamu. Leo nitasema ilivyokuwa upande wangu, kwa sababu wewe ulikuwa upande wa pili wa sahani.

Nilipoingia uani na mbuzi, niliona wazee wamekaa na mjomba William amekaa mwisho wa jamvi. Kijiko kilikuwepo. Alikuwa amekileta mwenyewe, akakiweka mbele ya mahali pangu bila kunitazama. Nilikaa. Nilikuwa na shati la mikono mifupi, na nilihisi kila jicho. Kisha ukatoka ndani na birika na beseni, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe Angelina ukanitazama usoni. Sikujua kwamba macho yako ni ya Rose.

Desturi inataka umwage maji tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, maji kutoka juu, mara moja, na kumalizika. Wewe ukaweka birika chini, ukachukua sabuni, ukashika mkono wangu ukaanza kuosha kidole kimoja kimoja, hadi kwenye kiganja, hadi juu ya kifundo pale weupe unapoishia, na mkono wa pili vilevile. Na nikaona mikono yako inatetemeka. Mama, nitasema kweli. Nilipoona hivyo nilitaka kusimama. Nilisema moyoni, hii ndiyo ile saa, amesita, anajikaza kwa ajili ya ahadi. Nilibaki kwa sababu ulikuwa bado umenishika.

Kisha ukakaa. Sahani ilipokuja, kila mtu anajua mgeni ana upande wake na mwenyeji ana wake. Ulinyoosha mkono ukavuka ukamega ugali kwenye upande wangu, pale pale vidole vyangu vilipokuwa vimetoka, ukachovya mlenda ukala. Ukamega tena hapo hapo. Mjomba William alikula sahani yake peke yake mpaka mwisho, sina kinyongo naye. Watu walidhani nilishindwa kula kwa haya ya ukwe. Si hivyo. Kwa muda mrefu sijala na mtu nje ya nyumba yangu, na tonge lilikataa kushuka kwa furaha.

Jioni uliponipeleka chini ya kichanja na kunionyesha hosta moja baada ya nyingine kwa historia zake, nilikufuata hatua kwa hatua. Bustani ile ni kubwa kuliko picha zote. Ila kilichonijaa ni kusikia sauti yako ikiongea nami, na mimi nimesimama karibu nawe, na hakuna anayekimbia.

Ijumaa iliyopita pilau ilipokuja ofisini, nilivuta kiti nikakaa kwenye sinia. Wawili walihama. Wengine walibaki tukala.

Nakushukuru kwa kujikaza, Mama. Najua haikuwa rahisi kwako.

Mwanao,
Meshack


Mlali, 30 Juni 2024

Meshack,

Marahaba, mwanangu. Hosta zimelala kwa Bartolomayo na mimi nina nafasi ya kuandika.

Kwenye mambo ya mimea unaona kila kitu, lakini mikono yangu umeisoma vibaya, na siwezi kukuacha nayo hivyo. Sikujikaza, na hakukuwa na kitu cha kujikaza nacho. Kabla ya Angelina nilizaa mtoto wa kiume. Alizaliwa akiwa ameshafariki, na wakati ule walikuwa hawaruhusu mama amwoshe. Walimchukua wakaniambia nipumzike. Angelina hajui, na mzee wangu na mimi hatukuwahi kulitaja tena.

Jumamosi ile nilishika mkono wa mwanangu wa kiume nikauosha, kidole kimoja kimoja, na hakuna aliyeninyang'anya. Ungetaka mikono yangu isitetemeke kwa nini?

Mama yako,
Sidonia